Walioandika na Waliofanya Kazi: Mary Tsingou na Ripoti ya Los Alamos ya 1955

Mwezi wa Mei 1955 maabara ya Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, Marekani, ilitoa ripoti fupi yenye namba LA-1940. Ukurasa wake wa mwanzo unatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: kuifanya kazi na kuiandika. Walioandika ni watatu, yaani Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam. Waliofanya kazi ni wanne: hao watatu, pamoja na Mary Tsingou. Tena Fermi alikwisha kufariki tarehe 28 Novemba 1954. Marehemu akahesabiwa kuwa mwandishi. Binti aliyekuwa hai akabaki mtendaji tu.

Maabara hiyo si ngeni kabisa kwa msomaji wa Kongo. Ilianzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Baada ya vita maabara ikajenga kompyuta yake, MANIAC, iliyoanza kazi mwaka 1952. Mwaka huohuo aliajiriwa Tsingou, mzaliwa wa Milwaukee, mwenye shahada ya hisabati. Vita vya Korea vilikuwa vimewachukua vijana wengi wa kiume, ndipo mlango ukafunguka kwa wanawake.

Utafiti wenyewe haukuwa na makao katika idara yoyote ya chuo kikuu cha wakati ule. Ulikuwa fizikia, lakini bila chombo cha kupimia. Ulikuwa hisabati, lakini bila uthibitisho wa kalamu. Fermi alipendekeza kompyuta itumike kama mahali pa kufanyia jaribio. Walichukua mfano wa uzi, wakaufanya kuwa safu ya chembe, kwa mfano 32 au 64, zilizounganishwa kwa nguvu isiyolingana sawasawa na mvuto. Walitazamia kwamba nishati iliyowekwa katika mtetemo mmoja ingesambaa polepole katika mitetemo yote. Haikuwa hivyo. Ilihamia katika mitetemo michache tu, kisha karibu yote ikarudi ilikotoka.

Ni nani aliyeipa mashine amri za kuyahesabu hayo? Wakati ule hazikuwapo lugha za programu kama tuzijuavyo leo. Ilimpasa mtu aligawe swali katika hatua ndogondogo, achore mpangilio wake, aziandike amri kwa lugha ya mashine yenyewe, kisha asimamie hesabu. Hiyo ndiyo kazi ya Tsingou, na ripoti inamshukuru kwayo katika tanbihi. Kwetu sisi tunaoshughulikia maneno, jambo hili lina uzito. Neno "msaidizi" limejengwa juu ya kitenzi kusaidia. Tangu mwanzo linadai kwamba kazi ni ya mwingine. Lakini katika jaribio la aina hii, kuandika amri ndiko kujenga chombo, na kuziendesha ndiko kujaribu. Ukiondoa hayo, hubaki swali zuri lisilo na jibu. Wasaidizi wa utafiti katika vyuo vyetu, wakusanyao masimulizi na kuyanakili kwa miezi, wataelewa bila kufafanuliwa.

Swali hilo likaitwa kwa majina matatu ya waandishi. Mwaka 1965 Norman Zabusky na Martin Kruskal walilifuatilia wakafikia dhana ya solitoni, wimbi linalosafiri peke yake bila kupoteza umbo. Tsingou naye hakuliacha. Mwaka 1972 alichapisha pamoja na James Tuck makala juu ya marejeo marefu zaidi ya nishati. Safari hii alikuwa mwandishi kamili, ila kwa jina la ndoa, Menzel, na wasomaji wachache wangeweza kutambua kwamba ni mtu yuleyule.

Alistaafu mwaka 1991. Mwaka 2008 mwanafizikia Mfaransa, Thierry Dauxois, alieleza habari zake katika jarida la Physics Today, akapendekeza jina la nne liongezwe. Tangu hapo watafiti wengi huandika Fermi-Pasta-Ulam-Tsingou, ingawa wapo ambao bado huishia kwa Ulam.