Bahi Sebuleni Kwangu

Kamba wangu sita walianza kufa mwezi Agosti, mmoja baada ya mwingine, kisha kaa. Samaki walidunda tu. Tangi la kioo la maji ya bahari, hapa Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani! Kila maji yalipopungua niliongeza mengine ya chumvi, nikijiona fundi.

Jibu nililipata Bahi, mkoani hapa, kwa babu mmoja mvuvi, tukipiga soga kuhusu bwawa lao. Zamani, kabla reli ya Wajerumani haijapita hapo kuelekea Tabora, ilikofika mwaka 1912, Wagogo walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha. Chumvi hiyo ilitoka wapi? Mto Bubu hujaza bwawa wakati wa mvua. Kiangazi jua huyanywa maji, chumvi hubaki. Bwawa likikauka perege hufa kwa mafungu, kambale hujichimbia topeni akingoja mvua.

Nikamweleza habari ya tangi langu. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mjukuu wangu, umejichimbia Bahi ndani ya nyumba!"

Kweli. Mvuke ulipaa, chumvi ikabaki, nami nikaongeza nyingine juu yake. Samaki walivumilia, lakini kamba, hasa anapojivua gamba, hawezi.

Basi nawe mwenye tangi, yakipungua kwa jua la huku, ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Na dawa ya samaki yenye shaba usiitie kabisa: inaua kamba na kaa.