Orodha ya Ndege na Historia ya Rusizi

Kwa mwaka mmoja nimekuwa nikitoka Kinindo alfajiri na kurudi jioni, mara nyingi kutoka delta ya Rusizi. Daftari langu sasa lina aina 87 za ndege: mwari, mnandi, mdiria, yangeyange tunayemwita inyange kwa Kirundi. Wenzangu huniuliza, hiyo ni historia gani?

Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika kwenye mlango wa mto huu kwa mtumbwi, wakitaka kujua kama Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka. Unaingia, basi haukuwa njia ya kwenda Nile. Walipata jibu lao wakaondoka. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1980, na mwaka 2002 delta ikatambuliwa na Mkataba wa Ramsar.

Kwangu, ndege asiye na tarehe na mahali ni majigambo tu. Mafuriko ya 2020 na 2024 yaliwahamisha wakazi wa Gatumba, jirani na delta. Mimi mwenyewe, ukingo wa matope nilikohesabu vitwitwi mwezi Oktoba, Aprili niliukuta chini ya maji. Atakayeuliza kesho ziwa lilifika wapi atahitaji madaftari kama haya, hata kurasa za siku nilizoona yangeyange peke yake.