Kosa la Bwana Msa na Karatasi ya Mgololo

Riwaya za Bwana Msa, ambazo ndizo zilizoifungulia njia riwaya ya upelelezi katika Kiswahili, yaani hadithi ambamo mhalifu hufichwa hadi mpelelezi amfichue kwa kuunganisha dalili, zilifikia tamati mwaka 1984 kwa kitabu Kosa la Bwana Msa. Mapokezi ya kitabu hicho hayaeleweki bila kuangalia hukumu iliyokwisha kupitishwa juu ya vile vilivyokitangulia.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Humo maiti inakutwa penye mzimu, na wakati watu wanawaza mizimu, Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, anautafuta mkono wa binadamu. Wasomaji walimwona kuwa ndugu wa Sherlock Holmes, na kipimo hicho kiliendelea kumwandama hata pale visa vilipozidi kupindana na kuzama katika maisha ya jamii, kama ilivyo katika Duniani Kuna Watu (1973).

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, wahakiki wengi walidai fasihi inayoonyesha mapambano ya matabaka, na upelelezi ukatiwa katika fungu la fasihi pendwa, yaani ile inayohesabiwa kuwa ya burudani na biashara, mbali na fasihi dhati. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu mwandishi anayewavua wauaji joho la ushirikina anapigania ukombozi wa akili. Mpelelezi aliyesifiwa kwa kutokosea amepewa kosa katika jina la kitabu cha mwisho, jambo lililostahili mjadala mrefu, lakini uhakiki umezoea kurudi kwenye Mzimu na Kisima cha Giningi (1968).

Nyakati nazo zilikuwa ngumu. Mwaka 1984 Tanzania ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na karatasi ya vitabu na magazeti, ambamo uhakiki ungepata nafasi, ilikuwa adimu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichosanifiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka, kilianza uzalishaji 1985: misindano ya msitu wa Sao Hill ikamenywa magome, ikakatwakatwa na kupikwa kwa kemikali hadi ikawa rojo la kutandazwa kuwa karatasi. Kwa Bwana Msa karatasi hiyo ilikuja imechelewa, kwani Abdulla alifariki 1991 bila kuchapisha kisa kingine cha mpelelezi huyo.