Sarafu Inapoyumba, Nani Hulindwa?

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Arusha, mwalimu wetu wa historia alilazimika kuhama nyumba aliyokuwa amepanga. Mwenye nyumba alitaka kodi kwa dola, kwa kuwa watumishi wa mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyoweka makao yake mjini mwaka 1995, waliweza kulipa hivyo. Mishahara ya watumishi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa ina nyongeza inayopimwa upya kadiri gharama za maisha na thamani ya sarafu ya kituo chao zinavyobadilika. Mwalimu wetu alilipwa kwa shilingi, na hakuwa na nyongeza ya namna hiyo.

Historia ya kinga hiyo ni ndefu, na inapita katika sarafu waliyoijua babu zetu: rupia. Rupia ilitengenezwa kwa fedha, yaani madini yenyewe. Ujerumani ilipohamia dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1870, na mataifa mengine yakaacha fedha, bei ya madini hayo iliporomoka. Rupia ya India, iliyokuwa na thamani ya karibu shilingi 2 za Kiingereza, ilishuka hadi takriban shilingi 1 na peni 3 mwaka 1893.

Maofisa wa Kiingereza waliokuwa India walilipwa kwa rupia, lakini familia zao na ada za watoto wao zilikuwa Uingereza. Dhiki yao ilikuwa ya kweli. Mwaka 1893 serikali iliwapa fidia: nusu ya mshahara, hadi kikomo maalumu, ilihesabiwa kwa shilingi 1 na peni 6 kwa kila rupia. Pengo lilijazwa na hazina ya India, na hazina hiyo ilijazwa na wakulima walipa kodi. Wazalendo wa chama cha Congress walipinga, wala hawakusikilizwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yaligeuka. Bei ya fedha ilipanda, na rupia iliyotumika Afrika Mashariki ikatoka shilingi 1 na peni 4 hadi kupita shilingi 2. Mwaka 1920 ilifungwa kwenye shilingi 2, na muda mfupi baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake, Tanganyika ikiwamo. Walowezi wa Kenya, waliouza mazao yao kwa pauni, waliona ujira wa vibarua umekuwa mzito. Mwaka 1921 walikubaliana kuupunguza kwa theluthi moja, ilhali kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa. Hapo ndipo Harry Thuku alipowakusanya watu wa Nairobi. Alikamatwa Machi 1922, na waandamanaji waliodai aachiwe wakapigwa risasi.

Tulinganishe. Rupia iliposhuka, ofisa alifidiwa. Rupia ilipopanda, kibarua alikatwa. Mwelekeo wa sarafu ulibadilika, lakini mlipaji alibaki yuleyule. Kilichoamua hakikuwa hesabu. Ofisa alikuwa na njia ya kufikisha malalamiko yake mezani mwa wakubwa. Kibarua alikuwa na mkutano wa hadhara tu.

Machi 2025 nchi yetu ilitoa kanuni za kuzuia bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Ni hatua njema, na mwalimu wangu angeifurahia. Hata hivyo, haimgusi mkulima wa kahawa wa mteremko wa Meru. Bei ya zao lake hupangwa kwa dola katika masoko ya nje, naye hulipwa kwa shilingi. Shilingi ikiimarika, tunashangilia mjini, na malipo yake yanapungua bila yeye kukosea lolote.

Wanafunzi wangu, na ninyi watumishi wa umma mnaoandaa nyaraka za sera, kila mnapokutana na neno “marekebisho” ulizeni swali moja: hasara iliyoondolewa kwa huyu imehamishiwa kwa nani?