Kitatange ndani ya ndege: safari ndefu ya samaki wa bahari

Ndugu zangu, hivi mmewahi kujiuliza yule samaki wa rangi rangi aliyemo kwenye kioo sebuleni kwa mtu huko Ulaya au Marekani alifikaje pale? Hakuzaliwa kwenye kioo. Samaki wengi wa maji chumvi wanaouzwa kwa mapambo bado wanavuliwa baharini, na baadhi yao ni wa kwetu hapa hapa: kitatange na kangaja wa pwani ya Kenya wamekuwa wakipanda ndege kwa miongo kadhaa sasa. Wengi wetu tunamjua kitatange akiwa kwenye ndoana tu, tena tunamlaani kwa miiba yake. Mwenzetu ana pasipoti!

Haya, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1846 mama mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alikuwa Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo. Akataka kurudi nayo London. Aliyashona kwa sindano na uzi kwenye sponji ili yasigongane njiani, akayatia kwenye chombo chenye maji ya bahari, safari ikaanza. Yalifika hai. Shida ilikuwa kuyaweka hai. Maji ya bahari yalibidi yaletwe kutoka pwani, na ili yapate hewa, yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi. Nani aliyemimina? Mtumishi wa ndani, bila shaka. Kitabu kinamkumbuka bibi mwenye nyumba. Jina la dada wa kazi aliyechoka mikono hatulijui. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Mwaka 1853 London ikafungua nyumba ya samaki ya kwanza kwa umma, kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park. Reli ndiyo iliyosaidia: kiumbe aliyevuliwa asubuhi aliweza kufika mjini kabla hajafa. Lakini hiyo ni Uingereza, ambako bahari haiko mbali na popote. Je, mji ulio katikati ya bara?

Chicago ina ziwa kubwa, lakini ni maji baridi. Shedd Aquarium ilipofunguliwa mwaka 1930, bahari yenyewe ilihamishwa kwa treni: mabehewa 20 ya matangi yalikwenda na kurudi mara nane kati ya Key West, Florida, na Chicago, yakabeba galoni milioni moja za maji ya bahari, yaani karibu lita milioni 3.8. Samaki nao walikuwa na behewa lao maalumu, Nautilus, lenye matangi yake. Ni taasisi tajiri tu iliyoweza kufanya hivyo.

Kilichowafikisha samaki hawa kwenye nyumba za watu wa kawaida ni vitu viwili: mfuko wa plastiki na ndege. Plastiki ya polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na baada ya Vita Kuu ya Pili mifuko yake ikaenea. Mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki. Badala ya behewa la matangi, sasa samaki mmoja akatosha kwenye mfuko, mfuko kwenye boksi linalozuia joto, na boksi tumboni mwa ndege.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo uhai na kifo vinapokutana. Mfuko hautiwi maji mpaka juu. Maji ni kama theluthi moja, zilizobaki ni oksijeni. Samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili kabla ili asichafue maji, na hukaa gizani ili atulie. Pamoja na hayo, anaendelea kutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia ni sumu. Kinachomwokoa ni pumzi yake mwenyewe: hewa ya ukaa anayoitoa inayafanya maji yawe na asidi zaidi, na katika hali hiyo sehemu kubwa ya amonia hugeuka kuwa aina isiyo na sumu kali.

Halafu mnunuzi anaufungua mfuko. Hewa ya ukaa inatoka, asidi inapungua, na amonia ile ile inarudi kuwa sumu kali. Samaki aliyevuka bahari salama anafia mlangoni! Ndiyo maana kwa safari ndefu mfuko huelea kwanza ukiwa umefungwa mpaka joto la maji lilingane, kisha ukishafunguliwa samaki anahamishwa bila kuchelewa kwenye maji safi ya chumvi inayolingana. Huruma ya kumzoesha polepole kwa saa nzima ndani ya maji yale yale ndiyo inayomuua.

Lakini safari salama haianzii uwanja wa ndege. Kuanzia miaka ya 1960, huko Ufilipino, watu walianza kupuliza sianidi kwenye matumbawe ili samaki walewe na kukamatwa kirahisi. Samaki wa namna hiyo anaweza kufika akiwa mzuri wa kutazama, akafa wiki chache baadaye, na mnunuzi akadhani ni kosa la maji yake. Matumbawe nayo yanabaki yamekufa kule kule. Wavu na mkono wenye subira ni kazi ya polepole zaidi, lakini ndiyo inayompa samaki nafasi ya kufika.

Na mzamiaji je? Analipwa kwa kila samaki, naye ndiye wa kwanza katika mnyororo na wa mwisho kutajwa. Ni yule yule dada wa dirishani London, amehamia majini. Bei ya kangaja dukani ughaibuni ina ndege, boksi, oksijeni na faida ya watu wanne watano. Tukitaka samaki afike hai na matumbawe yetu yabaki, basi subira ya mzamiaji nayo ilipwe. Anayelipwa haba hulazimika kuharakisha, na haraka yake ndiyo inayoua.

Mnaonaje wadau? Samaki wetu waendelee kusafiri, au wabaki nyumbani?