Daftari la Kifua Kikuu katika Mji wa New York

Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch aliwaeleza wataalamu wa Berlin juu ya kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Mpaka hapo watu wengi, na matabibu miongoni mwao, walishika kuwa maradhi haya hurithiwa katika ukoo. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumwarifu mtu ye yote kwamba fulani anakohoa damu. Kijidudu kilipojulikana, hoja iligeuka. Ikiwa maradhi hutoka kwa mtu mmoja yakamwingia mwingine, serikali ya mji haina budi kujua ni nani aliye nayo na anakaa wapi.

Katika New York mtetezi wa hoja hiyo alikuwa daktari Hermann Biggs. Mwaka 1889 yeye na wenziwe wawili waliiandikia Idara ya Afya ya mji kwamba kifua kikuu huambukiza na huweza kuzuiwa. Idara iliuliza rai za madaktari mashuhuri; wengi hawakuafiki, na shauri likalala. Si ajabu. Mgonjwa aliyetajwa aliweza kupoteza kazi, chumba na bima ya maisha. Daktari aliyemtaja aliweza kumpoteza mgonjwa pamoja na ada yake. Ndiyo maana katika hati za vifo kifua kikuu mara nyingine kiliandikwa kuwa mkamba au nimonia.

Alilolifanya Biggs baadaye lastahili kutazamwa kwa makini, maana hakuanza na adhabu. Mwaka 1892 hofu ya kipindupindu kutoka Ulaya iliiwezesha Idara kufungua maabara ya vijidudu, nayo ikaja kupima makohozi bila ya malipo. Daktari alichukua chupa kutoka kituo cha Idara, akairudisha pamoja na karatasi yenye jina la mgonjwa na makazi yake. Jibu lilimrudia daktari, na karatasi ikabaki katika Idara. Hapo ndipo daftari lilipoanza kujaa. Hospitali na zahanati za umma zilitakiwa kutoa taarifa; madaktari wa faragha waliombwa tu, hata Januari 1897 ombi hilo lilipokuwa amri kwa wote.

Ndipo ugomvi ulipopanda. Vyama vya madaktari vililalamika kwamba siri ya mgonjwa imevunjwa, na kwamba Idara inawanyang'anya riziki. Walilishika shauri hilo hata mbele ya baraza la kutunga sheria la jimbo, wasifanikiwe. Siri ya mgonjwa ni haki yake, hilo halina ubishi. Lakini katika maneno yao ni vigumu kuitenga siri na ada.

Hata hivyo Biggs alilegeza. Mkaguzi hakwenda kwa mgonjwa wa daktari wa faragha ila kwa ridhaa ya daktari huyo. Maskini wa zahanati alibishiwa hodi, akafundishwa namna ya kutema makohozi, na akifa au akihama, chumba chake kilisafishwa kwa dawa. Ramani za Idara, zilizotiwa alama kwa kila nyumba yenye mgonjwa aliyeandikishwa, zilisongamana alama katika mitaa ya wahamiaji ya Lower East Side. Zilisema kweli kuhusu vyumba visivyo na dirisha. Kuhusu nyumba za wenye mali zilisema kidogo mno.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wagonjwa walioonekana wakaidi, aghalabu mafukara wasio na makao, walipelekwa kwa nguvu Hospitali ya Riverside katika kisiwa cha North Brother. Katika kisiwa hicho hicho alifungiwa mpishi Mary Mallon mwaka 1907, aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo pasipo yeye kuugua. Naye alipatikana kwa kufuatwa nyumba moja moja alizozipikia. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa sharti la kutopika tena. Mwaka 1915 alikutwa akipika katika hospitali ya uzazi, akarudishwa kisiwani, akakaa huko hata alipofariki mwaka 1938.