Kiasi, Mzinga na Moshi: Silaha za Askari wa Tanga, 1914–1918

Vita vilipoanza Agosti 1914, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki liligeuka kisiwa, ingawa si kwa maana ya jiografia. Manowari za Waingereza zilifunga bahari. Bara walikuwako Waingereza na Wabelgiji, na tangu 1916 Wareno upande wa kusini. Uhai wa kaskazini ulitegemea reli iliyotoka bandari ya Tanga kupitia Pongwe na Muheza hadi Moshi. Kwa reli hiyo kompania ziliteremshwa upesi kutoka Kilimanjaro wakati jeshi la Uingereza na Uhindi, la watu wapatao 8,000, liliposhuka Ras Kasone mwanzoni mwa Novemba 1914. Watetezi walikuwa kama 1,000.

Askari wengi walishika bunduki ya Mauser ya mfano wa mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Ilitiwa kiasi kimoja kimoja. Neno kiasi, ambalo leo ni kipimo cha jambo lolote, katika Kiswahili cha zamani lilikuwa pia jina la risasi pamoja na baruti yake iliyokwisha kupimwa. Kila kiasi kilipolia kilitoa wingu la moshi, na adui akajua pa kulenga. Masimulizi ya vita hivi humsifu sana kamanda Lettow-Vorbeck. Moshi huo hutajwa kwa kupita tu. Aliyelala chini ya wingu lile, hata hivyo, alikuwa askari Mwafrika.

Mzinga nao una maana mbili, na Tanga zote mbili zilikutana. Bombomu iliitwa mzinga wa bombom. Na mitini ilining'inia mizinga ya wafuga nyuki. Nyuki waliochokozwa na milio waliwauma watu wa pande zote mbili, nao baadhi ya Waingereza wakadai kwamba ulikuwa mtego wa Wajerumani. Dai hilo lilikuwa kisingizio tu.

Tarehe 5 Novemba Waingereza waliondoka, wakaacha bunduki mpya za kutosha kompania tatu, bombomu kadhaa na risasi zaidi ya laki 5. Ghala la adui likawa ghala la kisiwa.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, ilifukuzwa na manowari Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama katika maji mafupi. Shehena yake iliopolewa. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifumuliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Nyingine ziligoma kulia zilipofyatuliwa. Kazi hiyo ya mikono, pamoja na ya wapagazi waliobeba masanduku, ndiyo iliyorefusha vita.

Kikosi kilipoweka silaha chini huko Abercorn, Novemba 25, 1918, bunduki zilizokabidhiwa nyingi zilikuwa za Kiingereza na Kireno.